Mtoto wa Pangoni Alipoacha Kulia

Harufu ya nyasi kavu zilizolowa mvua bado hunisimamisha. Nikiisikia, hata nikiwa shambani napalilia kahawa, narudi kwenye kigango chetu, kanisa dogo lisilo na padri wake, kule Mkumbi, asubuhi ya Krismasi, nikiwa darasa la pili.

Katika pango la kuzaliwa kwa Yesu, sisi hatukuweka sanamu. Tulimweka mtoto mchanga wa kweli, yule aliyezaliwa karibuni kuliko wote. Mwaka ule alikuwa mdogo wangu, Festo. Alilazwa kwenye nyasi mbele ya altare, amefunikwa kitenge chepesi. Desturi ilikuwa kwamba akishalazwa haguswi mpaka baraka ya mwisho. Kwa muda huo alikuwa wa watu wote, si wa mama yake.

Mvua ilikuwa ya upepo, na dirisha la upande wa pango halikuwa na kioo; manyunyu yaliingia hadi kwenye nyasi. Katekista, ambaye wote tulimwita Mwalimu, alihubiri taratibu, sisi watoto tukiwaza wali na nyama. Mwanzoni Festo alilia sana. Kisha akanyamaza.

Jirani yetu, Mama Kandida, akamwinamia mama. "Wewe Mama Stela, umezaa malaika! Wangu mwaka jana alimkojolea mpaka Mwalimu."

Wanawake wakacheka, khanga mdomoni. Mama hakucheka. Mimi nilikuwa nimekaa chini, karibu na pango, na nilichokiona kilinifanya nitambae hadi kwa mama.

"Mama, midomo ya Festo imebadilika rangi."

"Nyamaza," akaninong'oneza, huku vidole vyake vimeng'ang'ania ukingo wa benchi.

Wimbo wa matoleo ukaanza. Watu wakapanga foleni na mahindi, maharage, kuku. Mama akainuka mikono mitupu, akawapita wote, akamwinua Festo na kumtia ndani ya blauzi yake, ngozi kwa ngozi. Wimbo ukakatika.

"Mama Stela, mrudishe," akasema katekista. "Watu hawajamaliza kumwabudu."

"Watamwabudu nikiwa nimempakata, Mwalimu. Amekuwa wa baridi."

Sikuwa nimewahi kumsikia mama akisema neno kanisani kabla ya siku ile. Akaketi palepale kwenye nyasi, akawa anamsugua mgongo. Tulisikia mvua tu juu ya bati. Kichwa kile kidogo hakikusogea. Mama akasugua, akasugua. Ndipo Festo akakohoa, akalia kwa hasira.

"Haya, leteni matoleo," akasema katekista. Watu wakayaweka miguuni pa mama.

Nilirudi nyumbani nikiogopa. Nilidhani mama ameiharibu Krismasi, na Mungu atatuadhibu. Wakati ule niliamini Yesu aliuvaa mwili kama sisi tunavyovaa nguo za sikukuu, bila kuusikia ndani. Ilinichukua miaka kuelewa. Mungu alipofanyika mtu, alikuja na midomo inayoweza kubadilika rangi. Kama mwanamke mmoja asingemkumbatia, angekufa.