Mbwa Aliyekula Firigisi ya Papa

Kitu cha kwanza nilichoona kilikuwa kidogo sana: mbwa wetu alihama.

Zamani, tukianza kula, alikaa mbele ya Mama, huko nyuma kwenye jiko. Macho yake yalifuata mkono wa Mama kutoka sahani mpaka kinywani, na kutoka kinywani mpaka sahani.

Siku moja nikaona mahali pake patupu.

Alikuwa ndani, chini ya kiti cha Papa, baba yetu.

Niwaambie kwanza huyo mbwa ni nani. Anaitwa Ministre, yaani Waziri. Papa ndiye aliyempa hilo jina, kwa sababu hakuna aliyewahi kumuona akifanya kazi, lakini chakula kikiletwa yeye ndiye wa kwanza kufika.

Na Papa alichukia mbwa wa kuombaomba. "Kwenda! Mu nyumba yangu imbwa haikule na bantu!" Halafu anavua kandambili, na Ministre anapotea.

Sasa huyo huyo Ministre amelala juu ya miguu ya Papa, na Papa amenyamaza.

Mimi ni Syntiche, wa Ruashi. Shule niliiacha mwaka wa tano wa msingi. Mbele ya watu sauti yangu inakwama, ndiyo maana haya nayaandika.

Kwetu Papa alikuwa anakula peke yake sebuleni. Mimi nampelekea maji ya kunawa, bukari, huo ugali wetu, na mboga, kisha nashusha pazia. Mama, mimi na mdogo wangu Abigaïl tunakula nje, karibu na mbabula, hilo jiko letu la makaa.

Kwa hiyo kilichopita nyuma ya pazia, hakuna aliyekiona.

Tuliona tu kwamba mbwa ananenepa. Katika nyumba ambayo mbwa anapewa ukoko wa sufuria, jamani, ananenepa kwa kitu gani?

Na Papa alikuwa anatoboa mkanda wake tundu jipya kwa msumari.

"Ni jua," alisema. Papa alikuwa fundi wa kujenga, siku nzima yuko juu ya ukuta. Tulimuamini.

Jumapili moja Mama akachinja kuku.

Kwetu firigisi ni ya baba wa nyumba. Mtoto haiombi, mgeni hapewi. Mama aliipika na kuiweka juu ya nyama zote, mwenyewe aione kwanza. Wanawake wa kwetu hawamwambii bwana "nakupenda" mchana kweupe. Wanampa firigisi.

Nikapeleka sahani. Nikashusha pazia. Nikarudi kukaa.

Hatujamaliza tonge la tatu, pazia likatikisika chini. Ministre akatoka na kitu mdomoni. Akaja mpaka katikati yetu, akakiweka chini taratibu, akaanza kukitafuna.

Mama aliacha kula.

"Syntiche. Ile ni nini?"

"Ni... firigisi, Mama."

"Ya nani?"

Abigaïl ndiye aliyejibu, kinywa kimejaa: "Ya Papa! Ministre amekuwa papa ya nyumba!"

Alicheka peke yake.

Mama alisimama na mikono yake ya mafuta, akavuta pazia kwa nguvu mpaka kamba ikakatika.

"Papa Syntiche, chakula yangu iko na nini?"

"Iko muzuri."

"Iko muzuri, njo unapatia imbwa?"

"Nimeshiba, Victorine."

"Umeshiba wapi?"

Hapo ndipo nyumba yetu ilipopasuka. Kwetu bwana akirudi na kusema ameshiba, watu hawasemi anaumwa. Wanasema ana sufuria nyingine mahali. Deuxième bureau, mwanamke wa pembeni.

Jirani yetu Mama Musonda alikuwa amesikia yote. Ukuta wetu ni mfupi na masikio yake ni marefu.

"Miye nilijua zamani," alisema, kidevu juu ya matofali. "Kila magaribi bwana yako anapitaka na njia ya Annexe. Anaendaka kufanya nini kule? Kuhesabu mahindi ya bantu? Funga ile imbwa wakati ya chakula, ba mama. Utaona sahani itarudia namna gani."

Tukafunga Ministre kwa kamba kwenye mti wa mapapai. Saa ya kula ilipofika alilia kama mtu aliyefiwa.

Sahani ya Papa ilirudi imejaa.

Mimi ndiye niliyeitoa. Pembeni ya bukari kulikuwa na vitonge vidogo, vimepangwa vizuri. Nikavigusa. Vingine vilikuwa vimetafunwa. Vimelowa. Vimerudishwa.

Nikaenda kwa Mama. "Mama, Papa anatafuna, lakini hamezi."

"Nyamaza. Hii ni bintu ya bwana na bibi yake. Mutoto haingiye."

Jumamosi akaja Tonton Jean-Claude, kaka ya Mama, kutoka mtaa wa Kenya, ng'ambo ile ya mji. Alivaa koti. Tukajua ni kesi.

Papa alikaa kwenye kiti cha plastiki, kofia magotini. Nilisimama mlangoni. Moyoni nilikuwa namwambia: kataa, Papa. Sema hapana.

"Shemeji Anaclet," Tonton alisema, "tusizunguke. Iko mwanamuke?"

Papa alizungusha kofia. Aliangalia Mama kwa muda mrefu, kama mtu anayeangalia nyumba aliyoijenga kabla ya kukabidhi funguo.

"Ndiyo," akasema. "Iko."

Mama hakupiga kelele. Alikunja vitenge vyake, akamshika Abigaïl mkono, akaondoka na kaka yake.

"Na weye fuata mama yako," Papa aliniambia.

Nilitikisa kichwa. Sikuwahi kumkatalia Papa neno maishani mwangu. Sijui hata leo nguvu ile niliipata wapi.

Kesho yake Mama akapiga simu. Hakunisalimia.

"Umufuate. Ninataka kujua sura ya mwanamuke mwenye ananipita kupika."

Nikamfuata.

Jua lilikuwa linashuka. Papa alitembea polepole kwenye njia ya Annexe, katikati ya mahindi na nyumba za matofali mabichi. Aliegemea mti, akapumzika. Akaendelea. Akaegemea tena. Papa yangu, aliyekuwa anapanda ngazi na ndoo mbili za saruji!

Akaingia kwenye ua wa majani. Nikajificha kwenye mahindi.

Nilikuwa nimeshamchora huyo mwanamke kichwani. Nywele za kusuka mpaka kiunoni. Kucha nyekundu. Kicheko kikubwa.

Akatoka bibi kizee.

Ushungi mweupe, mgongo umepinda, mikono inatetemeka. Alishika kikombe kwa mikono yote miwili. Papa akakaa kwenye kigoda, kama mtoto.

"Kunywa, mwanangu," bibi alisema. "Polepole. Ikikataa, pumuzika."

Ulikuwa uji. Mwepesi kama maji.

Papa akanywa kidogo, akafunga macho, shingo yote ikakaza. Machozi yakamtoka. Nusu ikapita, nusu ikarudi. Bibi akamfuta kidevu.

Nilitoka kwenye mahindi bila kujua kwamba nimetoka.

"Syntiche," Papa alisema. "Usiambie mama yako."

"Ataambia," bibi alisema. "Miye nimechoka kuwa mwanamuke ya bwana ya bantu. Nalikuwa muzuri zamani, lakini si hivi!"

Ndivyo nilivyomjua Mama Ramla. Marehemu mume wake, mzee Hassani, ndiye aliyemfundisha Papa kupanga matofali. Papa alikwenda kwake siku ile koo lilipokataa bukari kabisa.

"Iko kitu inaota mu koo," Papa aliniambia. Sasa nilisikia kwamba hata sauti yake ilikuwa inakwaruza. "Munganga aliona. Papa yangu alikufa na ile ile. Juu yake tuliuza nyumba, tuliuza mpaka mabati. Alikufa, na siye tukabaki tunalala kwa bantu."

"Lakini Papa, ulisema iko mwanamuke..."

"Mama yako akijua, atauza ile nyumba. Unamujua. Lakini mwanamuke akichukia bwana, hauzi nyumba juu yake. Acha anichukie."

"Na uji? Si tungekupikia nyumbani?"

"Ningeomba uji, angejua siku ile ile. Bukari, imbwa inanisaidia. Uji, nani atanisaidia?"

Basi, jamani, Mama hakukosea. Bwana wake kweli alikuwa anakula kwa mwanamke mwingine.

Nilimpigia simu nikiwa bado njiani. Nyuma yake nilisikia kelele za soko, alikuwa anauza samaki wake wakavu.

"Umemuona?"

"Nimemuona, Mama."

"Iko muzuri wa sura?"

"Mama... iko kizee. Anamupikia uji."

Mteja aliuliza bei ya samaki, Mama hakumjibu. Akauliza tena.

Halafu simu ikakatika.

Tulipofika nyumbani, mimi na Papa, mbabula ilikuwa tayari inawaka. Mama alikuwa amechutama anakoroga, Abigaïl anapepea moto. Mama hakutusalimia. Alimimina uji kwenye bakuli, akaingia sebuleni, akakaa mbele ya Papa, goti kwa goti. Pazia lilikuwa bado sakafuni tangu siku ile, hakuna aliyelirudisha.

"Fungua kinywa, muongo."

Papa akafungua.

"Deuxième bureau yako anatiaka sukari?"

"Kidogo."

"Kidogo! Na weye ulimuona bora kuliko miye!"

Papa akacheka, uji ukamtoka puani. Mama akamfuta kwa upindo wa kitenge, akamfuta na kumfuta, hata kulipokuwa hakuna cha kufuta tena. Mimi na Abigaïl tulitoka nje.

Tulimpeleka hospitali. Mama alikwenda tayari kuuza nyumba, alikuwa ameshamtafuta na mnunuzi. Daktari alituita pembeni, akasema tumechelewa, hakuna tena cha kukata wala dawa ya kumponya.

Kwa hiyo nyumba tunayo. Si kwamba Papa alishinda. Ni kwamba hakukuwa na kitu cha kununua.

Alikufa mvua za kwanza zilipoanza. Mama alimlisha mpaka siku ambayo hata maji hayakupita.

Kwenye kilio uwanja ulijaa viti. Watu walikula, kama kawaida, na Ministre alipita kiti kwa kiti akiangalia mikono ya watu. Mama Musonda akachukua fimbo.

"Imbwa hii haina haya! Mpaka kwa kilio?"

"Muache," Mama alisema. Ndilo neno la kwanza tulilosikia kwake siku ile. "Ile yote miye nilipika, yeye ndiye alimusaidia kuficha. Muache akule."

Ndugu zangu mnaosoma, mkiona mbwa ananenepea mezani kwa mtu mmoja, msianze na fimbo. Na bwana wako akirudisha sahani imejaa, kabla ya kumuuliza ameshibia wapi, muulize kama anaumwa. Labda atadanganya. Muulize tena.

Kabla ya kufunga jeneza, kila mtu wa nyumba alisema neno. Zamu yangu ilipofika nilitikisa kichwa, wakapita kwa mwingine. Walidhani ni haya zangu tu.

Neno nilikuwa nalo. Ni hili.

Papa, nilikukasirikia. Mpaka leo nimekukasirikia. Si kwa ajili ya yule mwanamke wa uongo. Ulitafuta mtu wa kukutunzia siri, ukamchagua mbwa, ukaenda mpaka Annexe kwa bibi wa watu, na mimi nilikuwa hapo hapo nyumbani. Mimi ambaye siwezi kusema kitu mbele ya watu. Nani angeinyamazia siri yako kuliko mimi?

Ungeniambia, Papa.

Uji ule ningekupikia mimi.