Mafuta ya Nazi Kwenye Beringi

Jumamosi moja ya mwezi Machi, mwaka 1954, nilikuwa nimepiga magoti uani kwangu, Temeke, nikinoa kwa tupa visu vya mashine ya kukatakata matawi. Mume wangu aliinunua ikiwa imekwishatumika miaka mingi katika shamba la mkonge. Alisema kwamba vipande vya mti inavyotoa vingewafaa wanaokausha samaki kwa moshi. Kisha akaenda Tanga kuwa karani, kwa mkataba wa mwaka mmoja. Nao ukawa miaka mitatu.

Barua yake ilikuwa imefika juzi. Aliuliza kama mashine bado ni nzima. Ikiwa inafanya kazi, angerudi mwezi wa sita tuanze biashara. Ikiwa imekufa, angetia saini mkataba mwingine. Kuhusu mimi hakuuliza neno, zaidi ya salamu zile zinazoandikwa mwanzoni mwa kila barua.

Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kushona, kupika uji wa wagonjwa na kusahihisha insha, mashine hatukufundishwa. Hata hivyo kila Jumamosi niliifuta vumbi, nikakaza nati na kuitia mafuta. Lakini sasa gurudumu la visu lilikuwa limekwama kabisa, nami sikujua sababu. Nikamwita fundi mmoja mzee wa mtaani kwetu, aliyewahi kufanya kazi katika karakana ya reli.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwalimu. Mgonjwa yuko wapi?"

Alifungua beringi, akachota kwa kidole uji mweusi unaonata kama ulimbo, akaunusa.

"Umetia mafuta gani humu?"

"Ya nazi. Nakamua mwenyewe."

Alicheka hadi akashika ubavu. "Mwalimu wee! Mashine umeipaka kama nywele za mwari! Umebakiza kuisuka tu."

"Ningejuaje?"

"Hii inakula grisi, mama. Nazi ikikutana na vumbi la mbao inakuwa gundi."

Nikacheka naye, na sauti yangu mwenyewe ikanishtua. Sikumbuki mara ya mwisho nilipocheka katika ua ule. Tuliosha beringi kwa mafuta ya taa, tukaijaza grisi, tukarudisha visu. Injini ilipowaka, tawi la mkorosho lilimezwa na kutoka vipande vipande, na kuku wote wakakimbilia jikoni.

"Mwandikie bwana arudi!" fundi alipiga kelele, akaenda zake msikitini.

Nilizima injini, nikaketi juu ya tofali. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, na sikufurahi. Angerudi, ndiyo, kama mtu arudivyo kuchukua mzigo alioacha stesheni.

Kwa wiki kadhaa nilianza barua na kuiacha. Nikiandika "Mashine ni nzima," sentensi ya pili ilinikataa. Mwishowe fundi alipouliza kama ninaiuza, nilijibu ndiyo kabla hajamaliza. Usiku huohuo niliandika hii:

"Mume wangu mpendwa, mashine ni nzima, nami nimemuuzia fundi aliyeitengeneza. Sasa hapa Temeke hakuna kinachokungoja isipokuwa mimi. Ikiwa hilo linatosha, njoo kabla hujatia saini. Ikiwa halitoshi, niandikie waziwazi, ili niache kupika chakula cha watu wawili."