Taa Zilizompatia Festo Mchumba

Haya, sogeeni, na wa nyuma asije kusema hakusikia. Nawapa safari yangu ya Ruangwa, niliyokwenda na taa zinawaka mpaka mlangoni kwa watu.

Festo ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Mara ya kwanza tulikwenda kumposea binti wa Mzee Kaspari tukiwa wawili tu. Mzee akatutazama, akasema, "Ukoo wenyewe ndio huu? Binti yangu akiugua nani atamuuguza? Nendeni mkatafute watu." Akatupa nafasi moja ya mwisho.

Mara ya pili tulikubaliana watu ishirini. Mvua ikanyesha usiku kucha. Asubuhi tukatokea watatu: mimi, Festo, na dada yangu Anjela. Nyuma ya kirikuu, kigari changu cha mizigo, tulilaza kabati la zawadi ya mama mkwe, tukalivika nailoni, juu yake shuka jeupe, tukafunga kamba.

Saa kumi na mbili na nusu tukatoka kwetu Nambambo. Ukungu wa siku ile ulikuwa mzito, ungeukata kwa panga ukajengea choo. Taa nilizima, maana kulishakucha.

Saa moja, tunatoka Nachingwea mjini, natambaa polepole, nikasikia kioo kinagongwa. Trafiki.

"Mzee, taa zako mbovu?"

"Nzima, afande. Kumekucha, niwashe za nini?"

"Mimi umeniona saa ngapi?"

"Ulipogonga kioo."

"Basi na anayekuja mbele atakuona hivyohivyo. Sheria haiulizi kama kumekucha, inauliza kama mnaonana. Mvua, ukungu, vumbi, washa. Na uwashe za chini, usipige fulu; za juu mwanga utakurudia machoni. Nikikukuta umezima, nakuandikia faini."

Labda alisema na habari ya kuzima. Mimi nilishika ya kuwasha.

Saa mbili tukafika Mnero. Ukungu kwisha, jua linachoma.

"Baba mdogo, zima sasa," Festo akasema.

"Zima wewe, ukaandikwe wewe."

Mbele kidogo mfugaji mmoja, hawa waliohamia kutoka kanda ya ziwa, akasimamisha ng'ombe wake kama elfu tisa, akavua kofia. Karibu na kanisa kina mama wakapiga ishara ya msalaba. Nikamwambia Anjela, "Unaona watu wa huku wanavyoheshimu sheria?"

Kijiweni bodaboda mmoja akawasha taa, akatufuata taratibu. Akaja wa pili. Kila kijiji wanaongezeka, wamechomeka majani kwenye usukani. Anjela akageuka.

"Kaka, hawa wanatufuata."

"Wamekutana na afande yuleyule."

Saa tatu na nusu tukaingia Ruangwa kwa Mzee Kaspari. Nyuma yangu pikipiki mia mbili. Haya, ishirini na tatu. Vijana wakashuka, wakavua kofia, wakasimama kimya, mikono mbele.

Mzee akatoka, akawaangalia wote.

"Hawa ni wa kwenu?"

Nikageuka. Festo ananitazama kama mtu anayezama. Nikasema, "Hao ni waliowahi tu, mzee."

"Na vijana watulivu namna hii. Mmelea." Akaagiza wali uongezwe. Vijana wakala kwa huzuni, lakini walimaliza. Mzee akasimama mbele ya watu wote akatamka: binti ni wa Festo.

Saa kumi, tunarudi, tukamkuta afande palepale.

"Mzee, jua lote hili, taa za nini?"

"Si ulinikataza kuzima?"

"Kukiwa na ukungu. Ukiisha unazima, mchana barabara hii gari linalowasha taa ni la msiba."

Ndipo nikaelewa mambo yote ya siku ile, na ndilo nililojifunza: kama huoni mbele, washa za chini, ukiona, zima. Ila mimi sijutii.

Hata kabla hatujaondoka kwa Mzee lilitokea jambo nisilielewe: nilikwenda kufungua kamba za kabati. Vijana sita wakaruka, wakalipandisha mabegani na shuka lake, wakaanza kutembea polepole. Mzee akabaki anashangaa, lakini neno lilishamtoka. Wa mbele akamwinamia kwa heshima, akamuuliza:

"Pole sana mzee wetu. Kaburi liko upande gani?"