Tumepika Msitu: Onyo Ambalo Tening Sarr Aliliona Utani

Saa tatu asubuhi maji yamekupwa, na tope la delta ya Saloum, Senegal, tayari linachoma nyayo. Tening Sarr, mchuma chaza mwenye miaka hamsini na minne, anapita kati ya miche ya mikoko iliyokauka kama njiti. Anang'oa mmoja, anaunusa mzizi, anautupa.

"Umeiva," anasema. "Tumepika msitu."

Yeye na wanawake wenzake wa kisiwani waliipanda msimu wa mvua uliopita, kwenye uwanda wa juu ambako mama zao walichuma chaza. Mikoko ya zamani ya pale ndiyo iliyokuwa ikizuia bahari isifike makaburini. Ilikufa, na sasa mawimbi yanamega ukingo. Kaburi la mumewe, Diogoye, ndilo linalofuata.

Kinachouma ni kwamba walionywa. Nafi Badji, Mjola wa Casamance, kusini mwa nchi, aliyekuwa ameolewa hapa, aliwakuta wakipanda.

"Akasema, 'Nyie watumwa wangu, hapo juu jua litawachemshia miche. Shukeni chini.' Tulicheka hadi machozi," anakumbuka Tening. "Nikamjibu, 'Mla wali wee, Mjola ana lipi la kumfundisha Mserer?'"

Mserer na Mjola ni watani tangu mababu. Mtani akikutukana unacheka, akikuomba unampa, lakini neno lake hulifuati. Mimi ninayeandika haya pia ni Mserer, na ningecheka vilevile.

Mkoko mkubwa unajua kujitetea. Jua likiwaka, husimamisha majani ya juu ili lisiyapige bapa, hupunguza kunywa maji, na kivuli chake hupoza tope. Mche una majani mawili tu, na uwanda ule bahari huufikia kwa nadra, chumvi imejaa. Joto la miaka hii limezidi, hata mikongwe inapukutika.

"Zamani kwa bamvua moja, maji yakikupwa sana, nilijaza ndoo tano za chaza," anasema Tening. "Sasa nikipata moja namshukuru Mungu."

Nafi alirudi kwao alipofiwa na mumewe. Tening anaketi kwenye ngalawa, anampigia simu na kuiongeza sauti ili nami nisikie.

"Nani huyo? Mtumwa wangu? Leo umemkumbuka tajiri wako?"

"Nafi, dada yangu, acha utani. Nataka kupanda tena, kule chini ulikosema. Itashika?"

"Tangu nikujue hujawahi kuniambia niache utani."

"Leo nakuambia."

"Basi sikia. Panda kivulini mwa mikongwe iliyobaki, pale maji yanapofika kila siku. Huenda ikashika. Huku kwangu nilifanya hivyohivyo, Tening. Nusu imekufa."

Simu inakatika. Mwezi wa nane, mbegu zikikomaa, wanawake watashuka kupanda huko chini. Tening amekwisha kuwaambia.

"Nusu imekufa, basi nusu ipo," anasema, akiyatazama makaburi. Anaifuta simu tope kwa ncha ya kanga. "Ila ningependa anitukane kama zamani."