Moto Chini ya Maksai

Stashahada yangu ya afya ya mifugo niliisomea kwa jasho langu. Nilibeba magunia mpakani Tunduma, nikalipa ada mwenyewe, kisha nikafanya kazi miaka tisa kwenye ranchi kubwa Zambia. Niliporudi kijijini kwetu Itaka nilirudi na pikipiki, viatu vya ngozi, na zawadi kwa baba mdogo aliyenilea: mkokoteni wa ng'ombe wenye ekseli ya pikapu. Kijiji kizima kilikuja kuutazama.

"Huu unabeba mara mbili ya ule wa mbao," niliwatangazia.

Wakati wa mavuno nilimkuta baba mdogo na mkokoteni uliojaa mahindi kwenye mteremko, chini ya shamba letu la kahawa. Mmoja wa maksai wake wawili, yule mwekundu, alikuwa amelala na nira yake shingoni. Baba mdogo alikuwa amemsokota mkia bila mafanikio, sasa amerundika magunzi chini ya tumbo na kuyawasha. Kwetu ndivyo tulivyofundishwa wote: maksai akilala, mwashie moto.

Niliyapiga teke yale magunzi. Harufu ya manyoya yaliyoungua ilijaa njiani, na ngozi ya tumbo ilikuwa imebabuka.

"Baba mdogo, hili ni kosa la jinai! Ningekuwa hakimu ningekufunga."

"Nifunge basi, bwana stashahada. Mahindi utayabeba kwa cheti chako?"

"Kesho nakwenda kwa mtendaji wa kata."

Akainama kufungua nira. "Nenda, baba. Ila mwambie na magunia yalikuwa mangapi. Na nani alisema mkokoteni huu unabeba mara mbili."

Nilihesabu. Kumi na sita. Ule wa mbao ulibeba manane, na maksai walikuwa walewale wawili. Mimi, msomi wa mifugo, nilipima matairi nikasahau shingo.

Hata hivyo nilikwenda. Naamini mpaka leo kwamba anayemchoma mnyama anastahili kifungo, si faini ndogo ya kulipa na kusahau. Ng'ombe hawezi kwenda kulalamika popote.

"Mtuhumiwa?" mtendaji aliuliza, kalamu mkononi.

"Baba yangu mdogo. Na mimi."

"Na wewe pia? Ndugu yangu, umekuja kushtaki au kutubu?"

"Andika wote wawili."

Hakuandika. Alimwita baba mdogo, akatuapisha sote wawili kumtibu yule maksai na kumrudisha mbele yake akiwa mzima, la sivyo tungekwenda polisi pamoja. Baba mdogo alimshika pembe kila asubuhi nilipokuwa nikisafisha jeraha, akinitania kwamba hatimaye cheti kimepata kazi.

Maksai alipona. Mkokoteni sasa unabeba magunia manane, na wageni bado wanakuja kuusifu. Kabla hawajaugusa nawapeleka zizini, nawaonyesha pale tumboni ambapo manyoya hayajaota tena.