Mbuzi Watatu wa Mwende

Kwa miaka minne Mwende Musyoka alikuwa amewahudumia wazee wa Tottenham, London, akiwaosha na kuwalisha, na hakuna aliyewahi kumshika na uongo. Lakini asubuhi ile ya Novemba 2005, nje ya ofisi ya msajili wa ndoa, aliogopa kuitwa mwongo.

Sheria mpya ilimtaka mgeni apate kibali cha serikali kabla ya kuolewa. Kibali alikuwa nacho. Ila msajili akishuku tu, huandika ripoti. Na mwanamke mweusi aliyeshikana mikono na dereva wa basi mzungu hushukiwa kabla hajafungua mdomo. Visa yake ilikuwa imebakiza miezi miwili.

"Mambo ya mbuzi yaache huko Kitui," alikuwa amemwonya Serah, rafiki yake wa kanisani. "Hawa wanajua mbuzi wa mchuzi tu, dada."

Waliulizwa mmoja mmoja. Clive, yule dereva mchumba wake, aliingia kwanza, akatoka akitabasamu. Kisha Mwende.

"Umewahi kuolewa?"

Walipokwenda likizo Kitui mwezi Agosti, Clive alimpelekea babake mbuzi watatu. Kwa Wakamba, mbuzi hao wakishapokelewa, binti ni mke wa mtu. Akikana, atakuwa amemkana baba.

"Ndiyo."

Msajili akaweka kalamu chini. "Mwenzako amesema hujawahi. Mume wako yuko wapi?"

"Amekaa hapo nje."

Clive akaitwa. Hadi wakati huo alidhani wale mbuzi ni zawadi tu, na ni yeye Mwende aliyemficha, akiogopa kumtisha.

"Mlioana Kenya?" msajili akauliza.

Clive akamtazama Mwende. "Wale mbuzi?"

"Wale mbuzi. Nilipaswa kukuambia. Tangu siku ile mimi ni mkeo."

Clive akikataa sasa, basi Mwende ni mwongo, na mwongo hupandishwa ndege arudishwe kwao.

"Miezi mitatu mimi ni mume wa mtu, na sijaambiwa!" Clive akasema, uso umemwiva. Kisha akamgeukia msajili. "Andika, mama. Babake aliwapokea, nami siwadai."

Msajili aliandika kwa muda mrefu: waliwahi kuoana kimila, wao kwa wao. Akawasogezea karatasi watie sahihi. Kando yake ilikuwapo fomu nyingine, ya ripoti. Mwende aliikagua mara mbili, juu hadi chini. Ilikuwa tupu. Hapo ndipo aliposhika kalamu.