Siku Doreen Alipokata Msafara wa Hilda

Tangu mumewe afariki, Doreen Sugden alikuwa akivusha watoto wa shule hapa kwetu Todmorden, mji mdogo wa Uingereza, kwenye barabara iendayo Halifax. Mvua inyeshe, theluji ianguke, utamkuta pale kwenye kona na koti lake la manjano na kibao chake cha duara cha kusimamishia magari, chenye mpini mrefu. Akikinyanyua, hata malori husimama. Madereva wote aliwaita "mpenzi", kama ilivyo desturi ya huku, hata aliokuwa akiwagombeza.

Aliyenuniana naye alikuwa mmoja tu: Hilda Greenwood, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Ugomvi wenyewe ulikuwa wa mapipa ya taka. Hilda alilisogeza pipa la Doreen lisimzibie mlango, upepo ukaliangusha, uchafu wa Doreen ukatapakaa mtaa mzima ukiuona. Wakatoleana maneno. Tangu hapo wakikutana mlangoni, kila mmoja anatazama mawingu. Hata Hilda alipougua, Doreen aliliona gari la wagonjwa likija na kuondoka, akabaki nyuma ya pazia. Kila siku alijiambia ataenda kesho. Hilda akafa.

Msafara wa mazishi ulipita mchana, shule ikitoka. Mbele alitembea kwa miguu msimamizi wa mazishi na kofia yake ndefu nyeusi, nyuma yake gari lenye jeneza na maua, kisha magari ya wafiwa. Mzee mmoja kwenye kituo cha basi alivua kofia. Doreen naye akainamisha kichwa. Jeneza likampita. Aliponyanyua macho akaona gari la pili linakuja, na dirishani yumo Clifford, mume wa Hilda. Hapo hapo Doreen akaingia barabarani, akasimamisha kibao.

Msafara wa maiti haukatwi. Hata mlevi anajua hivyo. Watoto wakavuka wakisukumana, mmoja anatafuna krispi, na jeneza la Hilda likawa linakwenda zake peke yake, watu wake wamezuiwa nyuma. Doreen akageuka, macho yake yakagongana na ya Clifford. Na Clifford, kwa mazoea tu ya barabarani, akamwinulia mkono wa asante.

Mkono ule ulimchoma kuliko tusi lolote.

Kesho yake alipoingia dukani kwa Bwana Iqbal, foleni nzima ilinyamaza. Kisha mama mmoja akasema bila kugeuka, "Mpisheni Doreen, jamani. Huyu hangoji hata maiti."

Mtu akacheka. Bwana Iqbal akajitia kupanga magazeti. Doreen akayaacha maziwa yake juu ya kaunta, akatoka, masikio yanamwaka moto. Hakwenda kwake. Alibisha kwa Clifford.

"Nimekuja kukuomba radhi, Clifford."

"Ulifanya makusudi?"

Ilikuwa rahisi kusema hakuona. Midomo ilikwisha kufunguka aseme hivyo.

"Niliwaona," akasema. "Nilikuona wewe. Sikuja kumjulia hali hata siku moja, nikaona aibu kukutazama. Nikataka watoto wanikinge. Basi. Sikufikiria kingine."

Clifford alishika ukingo wa mlango. "Kanisani sikusikia hata wimbo mmoja. Namzika mke wangu, kichwani nina kibao chako."

"Nitaacha kazi."

"Ala! Uache kazi ili iweje? Niongezewe na lawama za wazazi wa watoto?" Akautupia jicho mlango wa Doreen. "Hilda alikuwa anakuulizia, unajua. Kila akisikia mlango wako unafunguliwa: Cliff, ni Doreen huyo? Anakuja huku?"

Doreen alitazama viatu vyake.

"Na ulikuwa unamjibu nini?"

"Kwamba unawahi kazini. Sasa ingia, baridi yote inajaa ndani."

Aliingia. Clifford akatenga chai, nzito mno, kwa mikono ya mtu asiyezoea kuitenga. Doreen alikaa ukingoni mwa kiti, koti mwilini, akainywa yote. Wakazungumza habari za mvua, kama itakatika kabla ya Jumapili, kwa kuwa ndiyo mazungumzo pekee waliyoyaweza. Habari za mapipa hawakuzigusa. Alipoaga, Clifford alimwambia, "Njoo tena," naye akaitikia, akitazama chini.